Mwenye Jua na Mwenye Shimo

Nchi yenyewe ilikuwa na jina, tena zuri tu, ila lilipelekwa wizarani kufanyiwa ukarabati na mpaka tunapoongea hivi halijarudi. Basi tuiite nchi. Wenyewe wameshazoea.

Mwaka mmoja nchi iliomba msaada wa pampu za maji. Barua ziliandikwa, ndoo tupu zikapigwa picha, wafadhili huko ng'ambo wakalia machozi ya kweli kabisa. Miezi kumi na minne baadaye kontena likafika. Watu wakajipanga na madumu. Mlango ulipofunguliwa, ndani, katikati ya maranda ya mbao, kulikuwa na neno moja la Kiingereza.

Neno lenyewe lilikuwa "seti". Kule kwao huliandika kwa herufi tatu tu. Ile "i" ya mwisho nchi iliigharamia yenyewe. Lilikuja na kitabu kinene kama tofali, cha kueleza matumizi yake.

Watu wakaanza kunung'unika, na Rais akaja redioni siku hiyohiyo.

"Ndugu wananchi," alisema, "pampu ina maana moja tu. Pampu ni pampu. Lakini neno hili, nimehakikishiwa na wataalamu, lina maana mia nne na thelathini. Mia nne na thelathini! Sasa nawauliza, hapo nani kapunjwa?"

Wananchi wakapiga hesabu, wakaona kweli hawajapunjwa, wakarudi nyumbani na madumu yao matupu.

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Maana, na kazi ya kwanza ya wizara ilikuwa kutafuta mtu wa kukisoma kile kitabu. Wakurugenzi wote walikuwa semina. Kazi ikamwangukia Stumai.

*

Stumai alikuwa karani wa kupiga chapa, mwanamke mkimya, aina ya mtu ambaye kwenye picha ya pamoja unamwona bega tu. Akitaka kukohoa anatoka nje. Kwa miaka tisa alikuwa amekaa meza moja na karani mwenzake, Sikudhani, wakigawana feni moja na stuli mbili, moja nzima na moja mbovu, ambayo walikalia kwa zamu.

Sikudhani yeye alikuwa mtu wa kucheka mpaka korido inajua. Alimsalimia kila mtu, hadi mlinzi wa wizara ya jirani. Stumai alimpenda, kwa sababu mtu ukikaa na Sikudhani hakuna anayekuuliza mbona umenyamaza.

Basi Stumai akakisoma kitabu, ukurasa kwa ukurasa, akawa anakipiga chapa kwa Kiswahili. Kumbe neno lile lilikuwa halina dogo. Vikombe na sahani zake, seti. Mwanamke akifunga rola kichwani, nywele anaziseti. Zege likiganda, limeseti. Mganga akiunga mfupa uliovunjika, anauseti. Mtego, saa, jukwaa la sinema, mchezo wa tenisi, wote humohumo. Wazungu, Stumai aliwaza, ni watu wa kubana matumizi sana.

Ila ukurasa wa mia mbili na sita ndio uliomkamata. Pale palisema kwamba jua nalo, jioni linaposhuka, linaseti.

"Hebu sikia hii, shoga," akamwambia Sikudhani. "Jua linaseti. Yaani linatulia. Kama jeli kwenye bakuli."

"Umenisomea jana."

"Nimekusomea nusu. Sikia yote."

"Na juzi pia umenisomea, Stumai. Kula mihogo yako inapoa."

Lakini Stumai hakula. Alikuwa ameweka kidole pale kwenye ukurasa, kama mtu anayezuia nafasi kwenye foleni. "Mimi nikipata hii," akasema, kwa sauti ya chini mno, "sitaki kingine tena duniani."

Alisema "nikipata" kwa sababu ilikuwa imeshapitishwa Sheria ya Ugawaji wa Maana. Sheria ilisema kila maana ya lile neno lazima iwe na mtu wa kuisimamia. Huyo ataitwa Mwenye Maana, na atapewa ofisi, mhuri, na visawe. Visawe ni yale maneno mengine yanayokaribiana na maana hiyo, na kwa kuwa wizara ilikuwa na vijana wengi wa waheshimiwa wasio na kazi, kila kisawe kiliajiriwa kama mtu. Kazi yao ilikuwa kumfuata Mwenye Maana nyuma na kufanana naye. Ukubwa wa mtu ukawa unahesabiwa kwa visawe. Mtu akipita mjini na visawe sita, madereva walizima redio kwa heshima.

Fomu za maombi zikatoka. Mwishoni palikuwa na nafasi iliyoandikwa: "Eleza kwa nini wewe." Stumai alijaza fomu mara kumi na moja, na kila akifika hapo jasho linamtoka. Kwa nini mimi? Aliandika "kwa sababu nimelipenda", akaona aibu, akafuta. Akaandika "kwa sababu nina uzoefu wa jua", akafuta. Mwisho akaifungia fomu kwenye droo, akajiambia kwamba kitabu amekisoma yeye, wakubwa wanajua, watamkumbuka.

Sikudhani aliijaza yake saa ya chakula, mara moja, na doa la mafuta ya samaki pembeni.

*

Matokeo yalibandikwa ubaoni siku ya Jumatano, kwa sababu katika nchi ile uteuzi wote hufanyika Jumatano. Waziri wa Maana, Mheshimiwa Kilunga, alikuwa amejipa ile ya vikombe na sahani, akazipeleka nyumbani kwake kwa usalama. Zege lilikwenda kwa shemeji yake. Stumai akashusha kidole taratibu mpaka kwenye jua.

Maana ya 206, kutua kwa jua: Bi. Sikudhani. Visawe: kumi na moja.

Akasoma tena. Doa la mafuta lilikuwa limenakiliwa na mashine, lipo pale pembeni ya jina kama nishani.

Lake, kwa kuwa wasiopeleka fomu waligawiwa mabaki, alilikuta chini kabisa, pale ambapo ubao unaishia na mtu lazima achutame. Maana ya 430: shimo la mnyama mmoja wa Ulaya mwenye mistari usoni, anayeitwa baja. Visawe: hakuna. Na kwenye safu ya maelezo, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Mnyama huyu nchini hayupo."

"Stumai!" Sikudhani alikuja mbio, akamkumbatia pale alipochutama, wakakaribia kuanguka. "Shoga yangu, umeona? Sikudhani kabisa!"

"Ndiyo jina lako," alisema Stumai.

"Si umefurahi?"

"Nimefurahi."

Na alitabasamu. Tabasamu lile lilikuwa limekaa vibaya kidogo, upande mmoja juu, lakini ubao ulikuwa umejaa watu, hakuna aliyeangalia.

*

Wizara ilichimba shimo nyuma ya maghala, kwenye kilima, ikaweka kiti cha plastiki na kibao. Hapo ndipo ofisi ya Stumai. Saa mbili asubuhi anafungua, saa kumi jioni anafunga. Mara moja kwa mwezi alikuja mkaguzi, Bwana Mavere, na faili chini ya kwapa.

"Mnyama yupo?"

"Hayupo."

"Tangu lini?"

"Tangu dunia iumbwe, Bwana Mavere. Nchi hii hajawahi kukanyaga."

Bwana Mavere alichungulia shimoni, akaita "Hodi!", akasubiri. "Andika: hajaripoti kazini." Kisha akafunga faili, akatazama nyuma ya Stumai, huku na huku. "Na visawe vyako viko wapi?"

"Sina."

"Hata kimoja? Mwenzako wa jua anavyo kumi na moja."

"Najua."

"Jana nimewaona. Wamevaa sare! Rangi ya chungwa, vifungo vya shaba. Mama yule anapendeza, sikufichi." Akamtazama Stumai kwa huruma. "Jitahidi, dada."

Ajitahidi nini? Stumai alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na kitu kikawa kinamtafuna chini ya mbavu, taratibu, kama panya anayekula sabuni. Maana kila jioni ilikuwa hivyohivyo. Saa kumi na mbili kasoro, redio ya taifa inakatiza muziki. Mtangazaji anashusha pumzi. "Naaam, wasikilizaji, tuko hapa Jukwaa la Machweo ya Taifa, na Mwenye Jua ndiyo anawasili! Nyuma yake namwona Kisawe Kuzama, namwona Kisawe Kuchwa, Kisawe Kushuka, anafuata Kupotea…" Na Stumai, nyumbani kwake, anahesabu. Labda leo mmoja anaumwa. Hapana, wote kumi na moja. "Anakaa… anachukua kalamu…" Halafu sauti ya Sikudhani, ile ile iliyokuwa ikimwambia mihogo inapoa: "Jua, kwa mamlaka niliyopewa, tua." Kalamu inakwaruza karatasi. Makofi. Bendi.

Alialikwa mara nane kwenda jukwaani, kadi yenye utepe. Hakwenda hata mara moja. Alisema ana mafua. Alisema mnyama anaweza akaja.

Siku moja alinunua chipsi, na zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti, na gazetini ni Sikudhani na visawe vyake. Mafuta yalikuwa yamemkaa usoni kama kipodozi. Hata mafuta yalimpendeza! Stumai alikula chipsi zile moja moja, akimfunua mwenzake kidogo kidogo, na alipomaliza alikuwa na njaa kuliko alivyoanza.

Kibaya zaidi Sikudhani alikuwa anakuja kumtembelea. Angekuwa anaringa, ingekuwa nafuu. Alipanda kilima kwa miguu, kavua viatu kavishika mkononi, na sambusa kwenye mfuko.

"Jamani huku kwako kuna upepo," alisema siku hiyo, akakaa chini ukingoni mwa shimo. "Kule kwangu joto, shoga, na lile joho. Na kusalimiana! Mashavu yananiuma kwa kutabasamu."

"Pole kwa kutabasamu," alisema Stumai.

"Kula sambusa."

"Nimeshiba."

Sikudhani alimwangalia, akaangalia kiti cha plastiki, akaangalia kibao kilichopinda. Kisha akasema kitu kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. "Unajua nini? Nimefikiri sana. Ngoja nikuazime kisawe kimoja. Kuna yule Kupotea, hana kazi nyingi. Akusaidie hata kushika mwavuli."

Stumai alihisi masikio yanapata moto. Kuazimwa kisawe! Tena cha mwisho, kile kinachotembea nyuma kabisa na kukosa hatua!

"Asante," alisema. "Shimo langu ni dogo. Hatatosha."

*

Kuanzia jioni hiyo, Stumai akawa hafungi saa kumi. Alikaa. Shimo lilikuwa limeelekea magharibi, na jua lilishuka mbele yake wazi, halina hata tawi la kuliziba. Yeye hakuliangalia kwa uzuri. Aliliangalia kama mwalimu wa zamu anavyowaangalia wachelewaji. Mkono mmoja una saa, mwingine una daftari, redio magotini.

Na aliona. Jua lilikuwa linapotea, limezama lote, hata kipande hakijabaki, na redioni mtangazaji bado anasema, "Mwenye Jua sasa anatafuta miwani yake…" Siku hiyo ilikuwa dakika mbili. Kesho yake dakika nne, kwa sababu kulikuwa na mgeni wa kusalimiwa. Siku moja lilitangulia dakika tisa nzima. Stumai aliandika zote, siku arobaini na moja, kwa mwandiko mdogo na mistari ya rula.

Kisha akaandika barua. "Kwa heshima na taadhima, raia mwema anapenda kuijulisha Wizara kwamba jua la nchi limekuwa likitua kabla ya saini." Akaambatanisha jedwali. Jina hakuweka. Aliitumbukiza kwenye sanduku la maoni, na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, alikula sahani mbili.

Sanduku la maoni lilikuwa halijafunguliwa miaka sita. Bahati ikawa kwamba wiki hiyo Mheshimiwa Kilunga alipoteza ufunguo wa gari na akadhani huenda umeingia humo.

Jumanne asubuhi waziri akaitisha waandishi. Aliinua lile jedwali juu kama kombe.

"Tumebaini," alisema, "kwamba kwa siku arobaini na moja jua hili limetua bila kibali. Sitaki kulilaumu jua. Jua halijasoma. Lakini Serikali haitavumilia kitu chochote kinachojitulia chenyewe! Leo ni jua, kesho itakuwa mvua, keshokutwa wananchi. Mwenye Jua amesimamishwa kazi kuanzia sasa. Akae kwenye benchi la korido, atasikilizwa kesho."

"Na leo jioni nani atasaini?" akauliza mwandishi mmoja wa nyuma.

Waziri alimtazama kwa masikitiko. "Swali zuri. Kaa chini."

*

Jioni ile hakuna aliyesaini.

Walivijaribu visawe kwanza, kwa sababu sheria inasema kisawe anaweza kukaa mahali pa mwenyewe. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba visawe havifanani. Kuzama akasema yeye hasa ni wa meli na mawe, jua huwa anasaidia tu. Kuchwa akasema ni neno la kizamani, anakaribia kustaafu. Kushuka akadai yeye ni wa bei. Kupotea hakuonekana. Miezi minane walikuwa wamefanana na Sikudhani mpaka kwenye marupurupu, lakini kalamu ilipotolewa kila mmoja akawa na maana yake.

Basi kisheria jua halikutua. Na kama jua halijatua, siku haijaisha. Na kama siku haijaisha, mtu anaondokaje kazini?

Giza lilipoingia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza wingu zito, jeusi, lenye nyota. Wafanyakazi wakaambiwa waendelee. Mlinzi wa mchana alibaki getini akimtazama mlinzi wa usiku, ambaye alikuwa amekuja mapema mno. Asubuhi jua lilipochomoza upande wa mashariki, redio ikasema jua la Jumanne limebadilisha upande kwa sababu za kiufundi. Kwenye shule moja, darasa la saba B walikuwa kwenye kipindi cha Kiingereza kilichotangulia kengele ya kwenda nyumbani, na kengele haikugongwa. Walimaliza vitenzi vyote vya Kiingereza. Mwalimu akaanza kubuni vingine. Bibi harusi mmoja, aliyepangiwa Jumatano, alikaa na hina mikononi mpaka ikaanza kubanduka, na mama mkwe akawa anampepea na kumwambia, "Vumilia mwanangu, inakuja tu."

Jumanne ile ilifika siku yake ya tatu.

Dawa ilikuwa rahisi: kuteua Mwenye Jua mpya. Lakini uteuzi hufanyika Jumatano, na Jumatano haiji mpaka Jumanne iishe, na Jumanne haiishi mpaka mtu asaini, na wa kusaini hajateuliwa. Makatibu walilizunguka jambo hilo mpaka wawili wakazimia. Ndipo Bwana Mavere akakumbuka kwamba kile kitabu kuna mtu alikisoma.

Walimkuta Stumai shimoni, macho mekundu. Naye hakuwa ameruhusiwa kufunga.

"Kuna kifungu," alisema, kabla hata hawajamuuliza. Alikuwa amekifikiria siku zote tatu. Ukweli ni kwamba alikuwa amekifikiria tangu siku ya matokeo ubaoni. "Makabidhiano ya dharura. Mwenye maana anaweza kumkabidhi mwenye maana mwingine kalamu yake na kazi yake, siku yoyote, wakibadilishana. Wasaini wote wawili, kwa hiari."

"Kwa hiari ya nani?" aliuliza Bwana Mavere.

"Ya mwenye kalamu."

"Basi wewe mwendee. Si rafiki yako?"

*

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi la korido palepale alipoambiwa asubiri mpaka kesho. Joho limekunjwa magotini, miguu imevimba, kalamu ya dhahabu kaichomeka kwenye nywele. Stumai alisimama mbele yake na fomu, akasahau jinsi mtu anavyoanza kuongea.

"Kaa," alisema Sikudhani. "Unanizibia feni."

Stumai akakaa. Feni yenyewe haikuwa inazunguka.

"Siku arobaini na moja," alisema Sikudhani. "Nimeliona lile jedwali, shoga. Mistari ya rula. Nikajiuliza, nani nchi nzima anaweza kukaa anapima jua, dakika kwa dakika, siku arobaini na moja, asichoke? Sikujiuliza muda mrefu."

Stumai alitazama vidole vyake. "Ungeniambia unaomba ile," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, karani mmoja akachungulia mlangoni. "Miaka tisa tumekaa meza moja! Nilikwambia wewe peke yako. Mimi sijawahi kumwambia mtu ninachotaka, Sikudhani. Hata mama yangu hajui napenda chai ya namna gani."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Sikudhani alitoa kalamu nywelini, akaigeuza geuza. "Ulivyokuwa unausoma ule ukurasa," alisema. "Uso wako ulikuwa unawaka. Mimi nacheka na kila mtu, nasalimia kila mtu, lakini sijawahi kutaka kitu hivyo. Sijui hata kinaanzia wapi mwilini. Nikaona wivu, basi. Nikasema, hiki kitu lazima kitamu sana, ngoja na mimi nionje."

Kutoka nje zilisikika sauti za darasa la saba B, mbali, zikiimba kitenzi ambacho hakipo.

"Kitamu?" aliuliza Stumai.

"Utaona mwenyewe." Sikudhani akavuta fomu, akasaini pale pa kutoa, herufi kubwa zikatoka nje ya mstari. "Kwa hiari. Nipe hilo shimo nikanyooshe miguu. Saini na wewe, watu wana njaa."

Stumai akasaini. Ilikuwa giza totoro, saa tatu ya lile wingu lenye nyota. Walimkimbiza jukwaani, wakamvika joho likamfika chini ya vidole, akatamka maneno yale kwa jua ambalo lilikuwa limeshakwenda zake zamani. Hakuna aliyeona kitu. Watu walipiga makofi gizani, wengine waliukosa mkono wa pili, na Jumanne ikaisha. Mtaani mtu mmoja alisikika akipiga kelele, "Jumatano! Jamani, Jumatano!" na bibi harusi akaanza kulia.

*

Lakini jioni iliyofuata ilikuwa yake kweli.

Stumai alioga mara mbili. Joho lilikuwa limepunguzwa. Alipanda ngazi za Jukwaa la Machweo ya Taifa huku visawe kumi na moja vikimfuata, hata Kupotea alikuwa amepatikana, na mtangazaji akashusha pumzi na kusema, "Naaam, wasikilizaji!" Bendi ikapiga. Anga ilikuwa safi kabisa, haina wingu. Akafika kwenye kiti, kile kiti, akakaa.

Mbele yake aliona mabenchi. Wageni. Wanafunzi, waheshimiwa, mtoto anachokonoa pua. Jua halikuwepo.

Akageuza shingo.

"Mheshimiwa," Kisawe Kuzama alimnong'oneza sikioni, "hatugeuki."

"Jua liko wapi?"

"Nyuma yako, Mheshimiwa. Lipo, usiwe na wasiwasi."

"Nataka kuliona kidogo tu."

"Mwenye Jua huwa haliangalii jua. Anawaangalia wananchi. Kuwapa wananchi mgongo ni kosa, kuna kifungu." Akamrekebisha joho begani. "Yule mama aliyepita naye alikuwa hajui, siku ya kwanza. Alizoea."

Stumai alibaki amekaa, mikono magotini, joto la jua limemlalia mgongoni kama mkono wa mtu. Na pale kwenye benchi la mbele kabisa, katikati ya wageni wote, alikuwa amekaa Sikudhani. Shimo lake lilikuwa limefungwa saa kumi kamili, mnyama akiwa hajaripoti. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. Na uso wake ulikuwa umeelekea juu, juu ya bega la Stumai, wazi kabisa, na ule mwanga ulikuwa unaingia ndani yake: ukawa wa njano kwanza, halafu rangi ya papai lililoiva, halafu rangi ambayo Stumai alipiga chapa kitabu kizima bila kukuta jina lake. Macho ya Sikudhani yalikuwa yameacha kucheka. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo. Punje moja ya muhindi ilimnata kidevuni, na hata punje ile ilikuwa inang'aa.

Yule panya akaamka chini ya mbavu za Stumai, akajinyoosha.

"Anachukua kalamu…" alisema mtangazaji.

Stumai aliishika kalamu, akainama kama anayesoma fomu, na bila kuchezesha midomo, kwa sababu redio ilikuwa inarusha moja kwa moja, akaita: "Sikudhani. We, shoga. Likoje?"

Sikudhani hakushusha macho. Aling'ata muhindi, akatafuna taratibu, akameza.

"Andika barua," alisema. "Utajibiwa."